Mbluberi haukufa, mbona hauzai juu?

SWALI: Nina mibluberi minne (vichaka vya matunda ya bluberi), mitatu ya aina ya Bluecrop na mmoja Patriot, na mwaka huu inatimiza miaka sita. Kwetu baridi hushuka hadi nyuzi -30 karibu kila mwaka na theluji hufika magotini. Kibandiko cha kitalu kilisema aina hizi huvumilia baridi hiyo. Ni kweli haijafa, tena ina majani tele, ila matunda hutoka kwenye matawi ya chini tu; huku juu ni majani matupu. Jirani ananishauri niing'oe nipande zile aina fupi za Minnesota, jimbo la Marekani. Nimsikilize? Na huu wa tano nilioupanda kwenye chungu, nao niufanyeje majira ya baridi?

JIBU: Weka jembe chini kwanza. Mmea uliopita miaka sita ya nyuzi -30 ukabaki na majani tele si wa kung'olewa hivi hivi, na katika swali lako kuna jambo kubwa umelitaja kwa kupitia tu: matunda hutoka chini. Kama ningekuwa na swali moja tu la kukuuliza, ningetaka kujua mstari unaotenganisha matunda na majani matupu uko kimo gani. Nadhani ungejibu: magotini. Pale pale theluji yako inapoishia.

Theluji mpya, sehemu yake kubwa ni hewa, na hewa iliyotulia ni blanketi zuri. Juu yake usiku unaweza kuwa wa nyuzi -30 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi), na sentimita 50 chini yake, karibu na udongo, ikawa ni nyuzi chache tu chini ya sifuri. Kwa hiyo kila mmea wako unapita baridi mbili kwa wakati mmoja: chini umejifunika, juu uko uchi. Na kinachokufa huko juu si tawi. Ni tumba la ua.

Hapo ndipo kibandiko kinapowapoteza watu. Namba iliyoandikwa pale inahusu uhai wa mmea: shina, gome, matumba ya majani. Tumba la ua ni dhaifu kuliko hayo yote. Tena namba yenyewe inachukulia kwamba mmea una afya, umelala usingizi mzito, uko katikati ya majira ya baridi na haujaguswa na siku za joto la ghafla. Kitalu hakikukudanganya. Kilikuambia mmea utaishi, nawe ulitaka kujua kama utazaa.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuyaondoa kwanza, kwa sababu yote mawili huacha picha inayofanana na hii. La kwanza ni mkasi wako mwenyewe. Mbluberi huweka matumba ya maua kwenye ncha za vitawi vilivyoota kiangazi kilichopita. Ni manene, ya duara, yamekaa juu kabisa. Matumba ya majani ni membamba, yenye ncha kali, yamelala kwenye kitawi sehemu za chini. Anayepita na mkasi kabla ya machipuko akasawazisha vilele ili kichaka kipendeze, amekata mavuno yote kwa dakika kumi. La pili ni sungura. Theluji ikipanda humpandisha naye, akawa anafikia vitawi ambavyo kiangazi asingevifikia, huku vilivyofunikwa vikisalimika. Alama yake haifichiki: mkato safi wa mshazari, kama wa kisu. Ukiona ncha zako zipo nzima, na hukuzipogoa, turudi kwenye baridi.

Ipi sasa, ya majira yenyewe au jalidi ya machipuko, ile inayoshuka usiku mmoja maua yakiwa yamefunguka? Hapa matunda yako ya chini yanatusaidia tena. Usiku wa jalidi huwa hauna upepo wala mawingu. Ardhi hupoteza joto, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutulia chini kama maji yanavyojaa bondeni. Maua ya karibu na ardhi ndiyo hufa kwanza, ya juu huweza kupona. Kwako ni kinyume chake. Jalidi ingekuwa ndiyo sababu kuu, ungekuwa unachuma juu na kulia chini.

Lakini usinisadiki mimi, kata matumba uone. Mwisho wa majira ya baridi, kabla hayajaanza kuvimba, chukua vitawi kadhaa vya juu ya mstari wa theluji na vingine vya chini yake, ukivitenga kwa kila aina. Viweke ndani, penye joto la kawaida la nyumba, vimefungwa kwa kitambaa chenye unyevu, kwa siku nzima. Usiruke hatua hii: tumba lililokufa jana usiku bado ni la kijani leo asubuhi, linahitaji muda wa joto ili kubadilika rangi. Kisha kwa wembe mpya likate tumba kwa upana, katikati yake. Utaona magamba ya nje yamepangana kama maganda ya kitunguu, na ndani yake vidoa vitano hadi kumi hivi. Kila kidoa ni ua. Kidoa cha kijani kibichi kotekote kiko hai. Kikiwa cha kahawia au cheusi, au kijani pembeni na doa jeusi katikati, kimekufa, maana katikati ndiko kunakokuwa tunda. Kata hamsini, uhesabu. Watu hukata matatu, wakaona meusi, wakakata tamaa. Kumbe tumba la nchani na la chini yake kwenye kitawi kile kile hayafi pamoja. La nchani limetangulia kukua, kwa hiyo ndilo hutangulia kufa.

Inafaa kujua tumba linavyojilinda, kwa sababu hapo ndipo unapopata nafasi ya kulisaidia. Majani ya mbluberi huhesabu urefu wa mchana. Siku zikifupika, mmea huacha kurefuka na kuanza kujiandaa. Baridi ndogo ndogo zinazofuata humalizia kazi. Mpaka majira ya baridi yafike katikati, maji yaliyo ndani ya vile vidoa vya maua hubaki kimiminika hata chini sana ya nyuzi sifuri, bila kuganda. Ni kama mtu anayepita juu ya kamba: ilimradi hajayumba, yuko salama. Baridi ikizidi kiwango maji hayo huganda kwa ghafla, na ua likaishia hapo. Kiwango chenyewe hakikai mahali pamoja, hushuka taratibu na kupanda haraka. Mibluberi mirefu ya kaskazini, kama Bluecrop, huhitaji saa 800 hadi 1000 hivi za baridi ya wastani ili iridhike kwamba majira yamepita. Kabla ya hapo, siku chache za joto haziiamshi kirahisi. Baada ya hapo, wiki moja ya jua katikati ya baridi huipunguzia ustahimilivu, na kama wiki inayofuata inarudi nyuzi -25, tumba lililovumilia -28 mwezi uliopita linakufa kwa -25 hii. Ndiyo maana mwaka wenye usiku baridi zaidi si lazima uwe mwaka wa hasara zaidi. Chunguza kumbukumbu zako, utaona.

Basi tuje kwa jirani yako. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzuri.

Bluecrop ilitolewa mwaka 1952, na ukoo wake unarudi New Jersey, pwani ya Atlantiki ya Marekani, ambako mtaalamu wa mimea Frederick Coville na mkulima Elizabeth White walianza mwaka 1911 kuchagua mibluberi ya mwituni na kuizalisha, wakauza mavuno ya kwanza mwaka 1916. Huo ndio mbluberi mrefu, Vaccinium corymbosum. Baridi ya huko ipo, ila si ya kwako. Kwa kawaida mmea wa namna hii huhesabiwa kuvumilia nyuzi -29 hivi ukiwa umelala, nawe unaupeleka ukingoni kila mwaka. Patriot, ya mwaka 1976, ilichaguliwa Maine na imezoea ukali zaidi. Kasoro yake ni kwamba huchanua mapema.

Minnesota walichukua njia nyingine. Walichanganya mbluberi mrefu na ule mfupi wa mwituni, Vaccinium angustifolium, unaotambaa kwa mashina ya chini ya ardhi na mara nyingi haufiki hata gotini. Chotara wa mwanzo wa chuo kikuu chao, Northblue na Northsky, walitoka mwaka 1983. Northcountry ikafuata mwaka 1986, St. Cloud mwaka 1990, kisha Polaris na Chippewa mwaka 1996. Hupandwa hata kwenye maeneo ya nyuzi -40. Watu husikia hivyo wakadhani ni chuma. Sehemu ni kweli, matumba yao ni magumu zaidi. Sehemu nyingine ya siri ni kimo tu: ni mifupi, inalala chini ya theluji. Mahali pakavu penye upepo, ambako baridi ni kali na theluji haikai, Northsky nayo huungua ncha kama mwingine yeyote.

Kwa hiyo chagua kwa kupima theluji yako, si kwa kusoma namba. Theluji ya magotini inaifunika Northsky yote, maana kimo chake hakifiki nusu mita. Matunda yake ni madogo, yana ladha ya mwituni, na hayatajaza ndoo. Northblue hufika nusu mita hadi karibu mita moja, hivyo sehemu yake kubwa hufunikwa, na huzaa kilo moja hadi tatu za matunda makubwa meusi. Hii ndiyo ningekupa. Polaris na Chippewa hupita mita moja. Ni tamu, Polaris hasa ina harufu yake ya kipekee, lakini kwako vilele vyao vingechungulia nje ya theluji kama vya Bluecrop yako. Ukitaka kitu kirefu kidogo, Northland ya Michigan ya mwaka 1967 ina matawi yanayonyumbuka, theluji huyalaza badala ya kuyavunja. Elliott usiiguse: huiva imechelewa mno, na penye kiangazi kifupi utachuma matunda ya kijani. Duke nayo ni ya kinyume, huchanua ikichelewa na kuiva mapema, jambo zuri sana kwa mwenye shida ya jalidi ya machipuko. Lakini shida yako si hiyo. Na zile aina za maeneo ya joto, zinazotangazwa kwamba zinahitaji saa chache za baridi, hazikufai kabisa. Saa zao hutimia mapema, halafu wiki ya kwanza ya jua inaziamsha.

Ushauri wangu ni huu: acha yote minne, ongeza Northblue miwili mbele yake. Mbluberi unaweza kujichavusha, ila ukipata chavua ya aina nyingine matunda huwa makubwa zaidi. Usipopenda matokeo baada ya miaka mitatu, jembe halitakuwa limeenda popote.

Kwa ile minne yenyewe, anza na mbolea. Nitrojeni ikitolewa baada ya katikati ya kiangazi huusukuma mmea uote vitawi vipya wakati ungepaswa kuwa unavikomaza. Vitawi hivyo laini havina muda wa kujiandaa, na utaviona vimekauka ncha machipuko yakifika. Toa mbolea mapema, tumba likianza kuvimba na tena wiki chache baadaye, kisha uifungie. Maji usiyafungie: endelea kumwagilia mpaka ardhi ikaribie kuganda. Mizizi ya mbluberi iko juu juu na haina vinyweleo, na upepo wa baridi hukausha matawi hata wakati udongo ulioganda hauwezi kuyarudishia tone. Mengi ya yale tunayoita kuuawa na baridi ni kufa kwa kiu.

Kisha ifuate theluji. Uzio wa mbao zenye nafasi kati yake, ukiwekwa upande upepo unakotokea, hupunguza kasi ya upepo na theluji ikadondoka nyuma yake, yaani juu ya mibluberi yako. Mita moja na ushee ya uzio inatosha kukuongezea kina. Unaweza pia kuimwagia kwa koleo, ila iwe theluji laini, si mabonge yaliyoshindiliwa yanayopasua matawi, na isiwe ile ya barabarani yenye chumvi. Wengine huzungushia magunia na kujaza majani makavu ndani. Inafanya kazi, ila panya wa shambani nao hupenda nyumba ya namna hiyo, na gome la mbluberi ni chakula chao.

Na upogoaji. Miaka sita ndio umri wa kuanza. Kila mwaka, mwisho wa majira ya baridi, kata shina moja au mawili yaliyo marefu na mazee hadi usawa wa ardhi, ili machipukizi mapya yatoke chini. Unachotaka ni kichaka kipana chenye mashina mengi mafupi kuliko mwavuli ulioko juu ya theluji. Shina changa lisiloganda unaweza hata kulilaza na kulifunga kwenye kigingi kabla ya theluji ya kwanza. Litainuka lenyewe ukilifungua.

Ukifanikiwa kuvusha maua ya juu, utakutana na tatizo ulilokuwa hulijui, hiyo jalidi ya machipuko. Ustahimilivu huisha kadiri tumba linavyofunguka. Likivimba tu, linavumilia nyuzi -9 hadi -12. Likipasuka na kuonyesha vishada vilivyobanana, -5 hadi -7. Maua yakiwa ya waridi lakini hayajafunguka, -4 hivi. Yakichanua kikamilifu, -2. Petali zikidondoka na tunda dogo likibaki wazi, sifuri yenyewe inatosha kuliumiza. Patriot yako, kwa kuwa hutangulia kuchanua, ndiyo itakayokukosesha usingizi. Pima kwa kipimajoto kilichoning'inizwa kwenye kichaka chenyewe, kwa kuwa namba ya utabiri hupimwa juu zaidi, na usiku mtulivu kichaka kinaweza kuwa baridi kuliko hapo kwa nyuzi mbili au tatu.

Kitambaa chepesi kinachofika ardhini pande zote kinatosha kwa mimea minne. Kitandaze jua likiwa bado halijazama, ili kinase joto la udongo, na ukiondoe asubuhi nyuki wapite. Karatasi ya plastiki iliyogusa maua ni mbaya kuliko kutokufunika. Matandazo ya vumbi la mbao au sindano za msonobari yaache palepale ingawa yanazuia joto la udongo lisipande usiku. Mizizi inayahitaji kuliko maua.

Kuhusu kunyunyizia maji, ambako wenye mashamba hufanya: maji yanapoganda hutoa joto, kalori 80 kwa kila gramu, na ua lililofungwa ndani ya barafu inayoendelea kuganda hubaki karibu na sifuri. Lakini maji yakivukiza huchukua joto zaidi ya mara saba ya hilo. Niliwahi kufunga bomba jua lilipochomoza, nikiwa nimechoka na nimelowa, barafu ikiwa bado imeshika matawi na upepo mdogo umeanza. Safu nzima iliyokuwa imevuka usiku ilikufa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Ukianza kunyunyizia, usiache mpaka barafu iwe inayeyuka na kudondoka yenyewe. Kwa mimea minne, chukua kitambaa.

Hesabu ya matumba yako isikutishe. Kwa kuwa kila moja hubeba maua matano hadi kumi, mmea uliopoteza nusu ya matumba haupotezi nusu ya mavuno, yaliyobaki hunenepa. Ukipata matumba hai 25 katika 50 ya juu, mwaka huo utachuma vizuri.

Wa kwenye chungu ni habari tofauti. Mizizi hailali usingizi mzito kama matawi. Ardhini inalindwa na udongo, kwenye chungu baridi inaizunguka pande zote, na nyuzi -30 zitaiua hata kama matawi yangevumilia. Majani yakishapukutika, uhamishie kwenye stoo au banda lisilo na moto, panapokaa kati ya nyuzi -5 na 5. Giza haliudhuru. Gusa udongo mara moja kwa mwezi, ukiwa mkavu mpe kikombe cha maji. Usiuingize sebuleni kwa kuuhurumia, nao unazihitaji zile saa zake za baridi, bila hizo utachipua ovyo na kuchanua kidogo. Huna banda? Chimba shimo, kizike chungu hadi ukingoni, weka matandazo juu, halafu theluji ifanye kazi yake. Na ukiutoa machipuko, usitangulie ile minne ya nje: subiri matumba yake yaanze kuvimba, ndipo huu nao utoke.